Nilimfuta Mama wa Watu, Nikamsingizia Mwanawe

Jamani, mimi ndiye niliyesababisha. Naanza hivyo ili huko mbele nisipate pa kuzungukia. Panga halikuwa langu, na mkono ulioshika panga haukuwa wangu, lakini mdomo ulioanzisha yote ni huu wangu, ambao leo hauna meno ya mbele.

Msinitafute jina. Na majina ya wenzangu hapa nimeyabadilisha, maana wao hawakukosa lolote hata nije kuwaanika.

Niliondoka Gairo asubuhi moja bila mpango wowote. Ndivyo nilivyo. Shule niliiacha kidato cha kwanza kwa sababu makalio yangu hayawezi benchi, lakini kichwa changu hakijawahi kutulia. Nikiona kitu kimefungwa, lazima nikifungue nione ndani kuna nini. Redio, saa, pampu ya maji, hata jenereta ya msikiti niliwahi kuifungua, nikafukuzwa.

Mkobani siku ile nilikuwa na bisibisi zangu, nguo mbili tatu, na kidude cha kusomea flopi nilichokipata Dar kwenye lundo la vyombo vibovu vya umeme.

Kwa vijana wasiozijua, flopi ni vile vibamba vya plastiki vya mraba ambavyo watu walihifadhia kazi za kompyuta kabla ya flashi. Ndani mna duara jembamba kama ganda la kitunguu. Kompyuta za sasa hazina hata tundu la kuiingizia. Mimi nilikuwa na kidude cha kuchomeka kwa waya, na nilijiona mganga!

Nikafika Kilosa. Mama Zaituni, mwenye stesheneri jirani na stesheni ya reli, akanipa meza pembeni ya mashine yake ya kopi na kuniruhusu kutumia kompyuta yake. Nikaandika kwenye boksi: TUNAHAMISHA FLOPI, KANDA NA CD KWENDA KWENYE FLASHI. Watu wakacheka. Halafu wakaanza kuleta.

Mwalimu mstaafu alileta mitihani yake ya zamani. Wanakwaya wakaleta nyimbo zao. Kila flopi iliyosoma nilipiga meza kwa ngumi, Mama Zaituni akishtuka na kunitukana. Raha yangu ilikuwa hiyo.

Ndipo akaja Rajabu.

Ni mkulima wa mpunga kutoka Tindiga, mtu mrefu, mikono mikubwa, sauti ya chini. Alitoa kopo la mafuta ya kupikia, akafungua, akamwaga mchele mkavu mezani. Katikati ya mchele kulikuwa na flopi moja ya buluu. Walikuwa wanaifukia humo isipate unyevu.

"Humu yumo mama yangu," akasema.

Akanieleza. Zamani kulikuwa na mtafiti wa mambo ya mpunga aliyekaa kwao. Alikuwa na kamera ya ajabu inayomeza flopi badala ya filamu. Siku ya kuondoka aliwaachia ile moja. Ndani mlikuwa na picha za mama yao akiwa shambani, na kipande kifupi cha video, mama anafukuza ndege kwenye mpunga, anacheka. Mama alishafariki. Picha nyingine zote zilikwenda na mafuriko pamoja na nyumba. Duniani mama yule alibaki ndani ya kile kibamba tu, na hapakuwa na mtu aliyeweza kukifungua.

"Keshokutwa tunamsomea hitma," akasema Rajabu. "Nataka ukoo wote umwone. Wajukuu hawamjui hata sura."

"Flopi ulikuwa nayo wewe siku zote?"

Akaanza kuokota punje za mchele mezani. "Alikuwa nayo mdogo wangu Shomari, yuko Mikumi, anaziba pancha za malori. Tuligombana kwa ajili ya shamba la mama kule Masanze. Yeye alitaka kuuza, mimi sikutaka. Tumenuniana tangu msiba. Juzi kaileta mwenyewe, kaniambia, kaka, mtafute mtu amtoe mama humu, nami nitakuja kwenye hitma. Basi ndiyo tunapatana hivyo."

Mnaona uzito wa kile kibamba? Undugu wa watu wawili ulikuwa umelala ndani yake. Nami nilikipokea kwa vidole vyenye mafuta ya chapati!

Akaniuliza kabila langu. Nikamwambia Mnyamwezi. Uso wake ukafunguka.

"Ala! Mtani! Babu zako walipita hapa na mizigo ya watu kichwani, wakatuibia kuku!"

"Na nyie Wasagara mlikuwa mlimani mnachungulia," nikamjibu. "Mngetuuliza vizuri tungewaachia hata mabawa."

Akacheka mpaka akajishika mbavu. Msiojua utani wa makabila, eleweni hili: mtani anaweza kukwambia neno lolote, hata msibani, hata juu ya maiti ya baba yako, nawe huruhusiwi kukasirika. Akaniambia niende kwenye hitma, nikale, nikawachokoze. Halafu akatoka kwenda kutafuta sukari na viungo vya pilau.

Nikaichunguza flopi. Ilikuwa na ukungu. Nikafungua kile kilango cha chuma, nikapitisha pamba yenye spiriti taratibu, nikaizungusha, nikaiacha ikauke. Mpaka hapo nilifanya kazi ya haki.

Nikaichomeka. Ikakwaruza, ikanyamaza. Nikaichomeka tena. Vilevile.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Pembeni mwa flopi kuna kijiswichi kidogo cha ulinzi. Kikiwa upande wa kufunga, hakuna kitakachoandikwa humo wala kufutwa. Yule mtafiti alikuwa amekifunga, Mungu ambariki. Mimi nikakisogeza! Kwa nini? Sijui. Nilitaka tu kuona kitatokea nini.

Kompyuta ikatoa maneno ya Kiingereza na vitufe viwili. Kiingereza changu ni cha kubahatisha. Kompyuta nimejifunza kwa kubonyeza, na kila ninapoulizwa swali nabonyeza kitufe cha ndiyo, maana kile cha hapana hakijawahi kunifikisha popote.

Nikabonyeza ndiyo. Ikauliza tena. Ndiyo!

Flopi ikaanza kunguruma, krr, krr, krr, na mstari wa kijani ukatambaa kwenye kioo. Nikapiga meza kwa ngumi. Inasoma! Nikasimama nikacheza.

Mama Zaituni akaacha kopi zake akaja kuangalia. "We kijana, mbona imeandika kufomati? Hapo si unafuta?"

Nikachomoa waya kwa nguvu kiasi kwamba kidude kilianguka chini. Mstari ulikuwa umeshafika mwisho. Nikakirudisha, nikafungua. Flopi ikafunguka vizuri kabisa, safi, nyeupe, tupu. Nikatafuta programu za kurudisha vilivyofutwa, nikajaribu moja, nikajaribu nyingine. Tupu! Nilikuwa nimemsugua yule mama kama uchafu kwenye sufuria.

"Mwambie akirudi," Mama Zaituni akasema. "Mwambie hivyo hivyo ilivyokuwa. Atalia, atakutukana, yataisha." Akachukua mtandio, akaenda kuswali.

Ningemsikiliza! Mungu wangu, ningemsikiliza!

Rajabu akarudi na kiroba cha sukari begani, uso unang'aa. "Mtani, mama katoka?"

Nilimwangalia ile mikono. Niliona aibu kuliko hofu, kwa sababu siku nzima nilikuwa nimejigamba. Nikasema, "Hii flopi ni tupu. Ilishafutwa."

"Imefutwa? Na nani?"

Na hapo ndipo nikajificha ndani ya utani kama mwizi anayejificha msikitini. Nikacheka, nikamwambia, "Muulize mdogo wako. Si alikuwa nayo yeye? Kamfuta mama makusudi, kakuletea ganda, ili ulainike, yeye auze shamba. Nyie Wasagara mnajulikana!"

Rajabu akacheka. Ndiyo, alicheka, kwa sababu desturi inamtaka acheke! Halafu kicheko kikamkatikia kooni.

"Hilo ni utani au ni kweli?"

Mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Neno moja tu lilitosha. Nikasema, "Mtani wako anakupa, wewe utajua cha kuchukua."

Akaichukua flopi. Hakuirudisha kwenye mchele. Aliitia mfuko wa shati na kuondoka bila kunipa mkono.

Siku ya hitma nilikwenda Tindiga. Mtaniuliza, ulifuata nini? Nilijidanganya kwamba nakwenda kumwambia ukweli. Kumbe nilitaka pia kuona. Udadisi wangu ni ugonjwa.

Nilikuta watu wamekaa kwenye mikeka, masufuria yako motoni, na Rajabu yuko uani anakatakata nyama ya ng'ombe kwenye gogo kwa panga. Alikuwa anapiga mfupa kwa namna ambayo haikuwa ya kupika. Vipande vya mfupa vilimrukia usoni na hakuvipangusa. Nikamsogelea.

"Mtani, nina neno."

"Kale kwanza," akasema bila kuinua macho.

Nikaenda kula! Nawaambia ukweli wote. Nilipewa sahani, nikakaa, nikala, huku nikijisemea kwamba nikimaliza nitasema.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mtu mnene kidogo, kanzu nyeupe, amebeba kanga mpya ya kumpa shangazi yake. Akaja moja kwa moja uani anatabasamu.

"Shikamoo kaka."

Rajabu hakuitikia. Watu wakageuka, maana kwetu shikamoo isipojibiwa kuna jambo.

"Kaka, mama kaonekana?"

"Mama yupi?" Rajabu akasema. "Yule uliyemfuta?"

"Nimefuta nini?"

Rajabu akatoa ile flopi mfukoni akamtupia usoni. "Umemuua mara ya pili, Shomari! Kwa ajili ya shamba! Umenichekea, umeniletea ganda!"

"Wallahi kaka, mimi hata kompyuta sijui kuiwasha..."

Panga likapanda. Nililiona likipanda, na nikaliona likishuka. Shomari alinyanyua mkono wa kulia kujikinga kichwa, na panga likapita kwenye vidole, likaendelea mpaka begani. Sauti ya panga haikuwa kama ya kwenye nyama. Ilikuwa laini. Vidole vilianguka kwenye majani ya mgomba pamoja na vipande vya ng'ombe, na kwa muda mfupi hakuna aliyejua kipi ni kipi.

Shomari hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake, akamtazama kaka yake, akasema, "Kaka, mimi?" Kisha akaanguka.

Hapo ndipo makelele yalipolipuka. Wanawake, watoto, masufuria yamepinduka, uji wa moto unamwagikia watu miguuni. Shangazi mtu akamfunga Shomari mkono kwa ile kanga mpya, na bodaboda ile ile ikamkimbiza hospitali, damu inadondoka njia nzima.

Wanaume wakamrukia Rajabu. Walimpiga kwa kuni zenye moto, kwa mateke, kwa mwiko wa pilau. Yeye hakujikinga. Panga alikuwa ameshalitupa, amekaa chini kama mzigo, analia, "Mama, mama," na wao wanapiga. Nikamwona jirani mmoja ananyanyua jiwe la figa kwa mikono miwili, juu ya kichwa cha Rajabu.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Ni mimi! Nimefuta mimi! Shomari hakufuta!"

Jiwe likabaki hewani.

"Kasemaje huyu?"

"Ni mimi fundi. Nilikosea, nikamsingizia. Nilikuwa natania."

Rajabu aliinua uso, jicho moja limeshafumba, akaniangalia. Sitaki kueleza aliniangaliaje. Kisha akajitupa chini kifudifudi na kuanza kujipigiza paji la uso kwenye ardhi, pu, pu, pu, mpaka watu wakamshika.

Na mimi wakanigeukia.

Mtu mmoja alisema, "Mwacheni, ni mtani, msimguse!" Mwingine akajibu, "Mtani gani? Mtani anakupa kisu mkononi?" Baada ya hapo sikusikia maneno. Nilikula kuni ya kwanza mdomoni. Meno yalitoka kama punje za mahindi. Kuni ya pili ilikuja sikioni, na sikio hilo mpaka leo linalia kama mbu. Walinipiga mbavu, walinipiga magoti, mzee mmoja ambaye nilikuwa nimemwamkia nusu saa tu nyuma alinipiga kwa bakora huku akilia. Sikujitetea. Kwa mara ya kwanza maishani nilikaa mahali nilipowekwa.

Aliyeniokoa ni mwenyekiti wa kitongoji, kwa kunilalia.

Rajabu alichukuliwa na polisi. Nilipoweza kutembea nilikwenda kituoni mwenyewe, nikaeleza yote kwa askari aliyekuwa zamu. Aliandika kidogo, akaweka kalamu chini.

"Sasa nikufungulie kosa gani, bwana? La kutania?"

"Lolote afande."

"Aliyekata anajulikana, na amekiri. Maelezo yako tutayatumia mahakamani. Wewe toka mbele yangu kabla sijakuzaba kofi."

Yaani hata kifungo nilinyimwa! Rajabu yuko mahabusu, mpunga wake unaliwa na ndege, mimi niko huru natembea mjini. Mama Zaituni alikuwa ameshautoa mkoba wangu nje. Hakunitukana safari hii, na hilo ndilo lililoniuma. Nilichukua kile kidude cha flopi, nikakiweka juu ya reli, nikakiponda kwa jiwe mpaka mkono ukavimba. Hakikunipa nafuu yoyote.

Nikadandia lori la mkaa, nikashuka Mikumi.

Sikuwahi kufika huko kabla. Niliuliza kwa Shomari wa pancha, nikaonyeshwa upande wa pili wa barabara kuu, banda la mabati, lundo la matairi, nyani wawili wamekaa juu ya lundo wanachambuana. Jua lilikuwa bado juu. Shomari alikuwa ameketi kwenye rimu, mkono wa kulia umefungwa bandeji kama bonge la unga. Lori lilikuwa limesimama, dereva anafoka, na mke wa Shomari anahangaika na jeki huku mtoto yuko mgongoni.

"Shikamoo," nikasema.

"Nani wewe?"

"Ni yule fundi wa Kilosa."

Mke wake aliiacha jeki. Shomari akasimama taratibu, akanikaribia mpaka nikasikia harufu ya dawa ya kidonda.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja unifanye unavyotaka."

Akanizaba kofi kwa mkono wa kushoto. Lilikuwa kofi bovu, lilipiga nusu shavu nusu shingo. Akarudia. Akautazama ule mkono wake wa kushoto kwa hasira.

"Hata kupiga haujui," akasema. Pumzi zilikuwa zinampanda. "Nikuulize kitu kimoja. Kabla hajafutika, ulimwona? Hata kidogo?"

"Sikumwona. Haikufunguka kabisa."

"Basi hakuna aliyemwona." Akageuka kutazama barabara. "Kwenye ile video anasema, 'Shomari, acha kunichekesha, ndege wanamaliza.' Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kamera nakatika viuno. Kaka alikuwa anapiga debe kufukuza ndege. Ndiyo hivyo tu. Ni kifupi."

Mke wake akaniuliza.

"Unajua kufungua tairi?"

"Naweza kujifunza, dada."

"Mimi si dada yako. Sijakuuliza kujifunza. Huyu hana vidole, dereva anataka kuondoka, na leo hatujala. Shika hiyo spana!"

Nikashika. Shomari alikaa tena kwenye rimu, akawa ananielekeza kwa ukali, "Kushoto! Kushoto, mpumbavu we! Usiinamie hapo, itakuruka usoni!" Nilifungua nati mpaka mbavu zangu zilizovunjika zikanikata pumzi. Lori likaondoka. Likaja jingine.

Jioni mke wake alinionyesha stoo ya nyuma. Ni chumba cha mabati chenye tyubu zinazoning'inia na harufu ya gundi. Akatupa mkeka juu ya matairi mawili yaliyolazwa.

"Usinishukuru," akasema. "Sijakusamehe, na yeye hajakusamehe. Ila ukiondoka kabla mkono wake haujapona, nitakutafuta mwenyewe."

Basi ndiyo makazi yangu. Mimi ambaye sijawahi kukaa mahali bila kutamani barabara, nimelala hatua chache kutoka barabara kuu na siwezi kuigusa.

Nyie mnaosoma, kama una fundi kichwani mwako anayejibu ndiyo kwa kila asichokielewa, mkamate. Kazi ya mtu ukiiharibu, iseme siku hiyo hiyo, iseme kabla hajatoka mlangoni, hata kama ataivunja taya yako! Taya inapona. Na mwenye watani, tania sura ya mtu, tania ulaji wake, tania ubahili wake. Lakini ukiwa na kosa lako rohoni, funga mdomo wa utani kwanza, ufungue ule mwingine.

Kesi ya Rajabu inatajwa karibuni. Shomari amesema twende wote.